Baba Fundi Mizani, Uliyemsubiri Mke Aliyekuwa Mbele Yako

Ni mwaka mmoja sasa, Baba, tangu simu ya Mama ikose wa kuipokea.

Tulipokaa kuandika haya, sisi wanao, tulianza kama wanavyoanza wengine: ulikuwa mpole, kipenzi cha wote, nguzo ya familia. Mama alikuwa pembeni anakunja nguo. Akasikiliza mstari wa kwanza, akasikiliza wa pili, kisha akasema, "Huyo mnayemwandika simjui. Mimi sikuolewa na malaika. Andikeni yaliyotokea, na wivu wangu msiufiche, maana hata yeye aliuona." Basi tunakuandikia yaliyotokea.

Ulikuwa fundi mizani. Kila duka la mtaani, kila bucha, hata zahanati walikopimia watoto wachanga, mizani ikianza kusema uongo walikuita wewe. Katika chumba chako cha kazi, nyuma ya nyumba, lilikuwapo sanduku la mawe ya kupimia ya shaba, kila moja limelala kwenye kishimo chake, kuanzia kubwa kama ngumi hadi dogo kama punje. Hukumruhusu mtu ayaguse kwa kidole. "Jasho lina uzito," ulisema, ukayainua kwa kibano. Mtaa ukakubandika jina la Gramu. Ulilipenda, ingawa hukukiri.

Na maneno uliyapima vivyo hivyo. Miaka arobaini na mmoja Mama alikaa nawe. Akivaa gauni jipya ulisema, "Sawa." Wageni wakisifu chakula chake hadi wakalamba vidole, wewe ulisema, "Hakina kasoro." Hukuwa mchoyo wa mengine. Uliamka kabla yake ukamchemshia maji ya kuoga, na viatu vyake ulivipiga rangi pamoja na vyako. Lakini kinywa chako, Baba, kilikuwa na kufuli, na Mama alishazoea kuishi mlangoni.

Mambo yalianzia kwenye kibano. Mkono ukawa unalitafuta jiwe pembeni ya pale lilipo. Skrubu ulizozifunga kwa kupapasa miaka yote zikaanza kukukimbia. Hatua zikafupika. Usingizini ulirusha mateke kama mtu anayefukuza mbwa, hadi Mama akahamia kitanda cha pili. Leo u timamu, unatusahihisha hesabu zetu; kesho umekaa na kijiko mkononi hujui kinaelekea wapi. Kusahau hasa ulikuwa bado hujasahau, ndiyo maana hatukudhani ni ugonjwa.

Kisha akaja yule bwana wa kofia.

Ilikuwa saa nne asubuhi, Mama anapanga vikombe. Ukamwuliza, "Huyo bwana anakunywa chai au hanywi?"

"Bwana gani?"

"Huyo wa kofia, aliyekaa kwenye kiti changu. Na mbona anakutazama hivyo?"

Kiti kilikuwa kitupu. Mama akacheka, nawe ukanuna mpaka jioni. Baada ya wiki mbili ukawa unafungua makabati na kuchungulia nyuma ya milango. Msoma mita wa maji ulimshika mkono getini, ukamwuliza kofia yake ameificha wapi. Maskini, hakuwahi hata kuvaa kofia. Mbele yetu Mama alikasirika, akasema umemvunjia heshima uzeeni. Lakini juzi ametuambia, bila haya, kwamba siku ile ya kwanza ulipomwonea wivu alikwenda chumbani akajitazama kwenye kioo. Miaka sitini na mitatu, na bado kuna mtu wa kumgombea! "Nikapaka na poda," akasema.

Tulikokupeleka kwanza walisema ni uzee, wakatupa vidonge vya kumfukuza bwana wa kofia. Bwana hakuondoka, wewe ndiye uliyekauka kama ubao. Kwa siku nne hukuweza kugeuka wala kumeza vizuri. Tukavitupa. Siku ya tano viungo vikalegea, ukapokea kikombe mkononi mwa Mama, ukasema kwa adabu zote, "Asante, dada. Mwenye nyumba amekwenda wapi?"

"Mwenye nyumba nani?"

"Mke wangu."

"Na mimi ni nani?"

Ukamkagua kuanzia kichwani hadi kwenye kandambili, kwa jicho lile lile ulilokagulia mizani ya wauza nyama. "Umefanana naye," ukakubali. "Waliokutengeneza wamejitahidi. Lakini siye."

Dada yetu mkubwa, kifungua mimba wako, ndiye aliyekupeleka wewe na Mama kwa daktari wa ubongo, mwanamke wa makamo mwenye sauti ya taratibu. Alizungumza na Mama kuliko alivyozungumza nawe. Aliuliza juu ya mateke ya usingizini, juu ya kuanguka, juu ya siku njema na siku mbaya. Alipima damu, maana kuna upungufu wa vitamini na maradhi ya tezi yanayoweza kumchanganya mtu hivyo hivyo nayo yakatibika. Akapiga picha ya kichwa. Akakuambia uchore saa. Namba zote ukazirundika upande mmoja. Akakupa maumbo mawili yaliyopandana uyanakili. Yako yakakaa mbalimbali kama watu waliogombana. Lakini maneno matatu aliyokutajia mwanzoni uliyakumbuka yote, ukauliza kama kuna la nne.

"Watu huita yote kusahau," daktari akamwambia Mama. "Lakini demensia si ugonjwa mmoja. Kuna ule ambao ubongo hunywea kwanza pale panapotunza mambo mapya. Mgonjwa anauliza swali lile lile mara kumi. Kuna ule wa mishipa ya damu kuziba, mara nyingi kwa presha au sukari. Huyo hushuka kama anayeshuka ngazi, leo hatua, mwezi ujao hatua. Kuna ule unaoanzia mbele, hapa kwenye paji. Kumbukumbu inabaki, tabia inaharibika. Wa mzee, ninavyoona, ni mwingine. Ndani ya chembe za ubongo wake kuna vibonge vidogo vya protini vilivyojikusanya. Vinaitwa miili ya Lewy. Vinavuruga kuona, kutembea, usingizi, na ndivyo vinavyomletea huyo bwana. Mwenye ugonjwa huu ukimpa dawa kali za kutuliza, anakauka kama alivyokauka. Uhakika wa mia kwa mia hupatikana tu kwa kuutazama ubongo wenyewe, na hilo hatulifanyi kwa mtu aliye hai."

"Na huyo mwanamke?" Mama akauliza.

"Mwanamke yupi?"

"Mke wake. Huyo anayemsubiri."

Daktari akaweka kalamu chini. "Akikutazama, sura yako inafika. Kinachotakiwa kufika pamoja nayo, ile hali ya moyo kusema huyu ni wangu, hakifiki. Njia yake imekatika. Sasa ubongo unajitafutia maelezo: sura ni ile, ila sihisi kitu, basi huyu ni wa bandia."

Mama alielewa. Alirudi nyumbani akatueleza sisi wote, neno kwa neno. Lakini kuelewa kulikaa kichwani, na wivu ulikuwa tumboni.

Maana wewe, Baba, uliyeshindwa kusema neno miaka arobaini na mmoja, sasa kufuli lilifunguka. Siku moja Mama amepiga magoti anakukata kucha za miguu, nawe unamsimulia "dada" habari za mkeo. "Mimi katika kazi yangu nimekosea mara moja tu," ukasema. "Kilo nzima. Alipita mbele ya duka na gauni la kijani, nikasahau nilichokuwa napima."

Mama akaacha kucha. "Na ulimwambia?"

"Nani?"

"Mkeo. Hayo ulimwambia?"

"Anajua."

"Hajui!" Mama akapiga kelele. "Hajui, nakuambia!"

Ukamshangaa. "Wewe utajuaje mambo ya mke wangu?"

Ndivyo Mama alivyojikuta na mke mwenza asiyezeeka, asiyekoroma, asiyeosha hata kijiko. Kila alichofanya kilipimwa na cha mwenzake huyo, kikaonekana kimepungua. Chai: mke wangu huweka sukari kidogo. Mto: mke wangu hujua ninavyolala. Mama mdogo alipokuja kumtazama akamwambia, "Dada, lakini si wewe mwenyewe? Mtu hujionea wivu?" Mama akamjibu, "Kama ni mimi, mbona ninayefua ni mimi na anayesifiwa ni yeye?"

Akaamua kumshinda. Alilitoa lile gauni la kijani chini ya sanduku, akalitanua mbavuni, akakaa siku mbili na cherehani. Siku ya tatu akalivaa, akapaka poda, akapita mbele ya kiti chako taratibu.

Ulisimama, wewe uliyekuwa husimami bila kushikwa. "Vua," ukasema. "Mwizi mkubwa wewe. Akirudi atavaa nini?" Ukashika mkono wa gauni, ukavuta, ukachanika hadi kwapani.

Mama alivaa nguo zake za kawaida, akafunga begi, akampigia dada mkubwa aje kukaa nawe, akaenda kwa mama mdogo. "Amsubiri huyo wake," alisema. "Akija, nitampongeza."

Siku mbili dada mkubwa alikulisha, akakuogesha, ukamlalamikia. Siku ya tatu mchana Mama alipiga simu kumwelekeza zilipo dawa zako za macho. Dada alikuwa uani anaanika. Simu ikalia karibu nawe, ukaipokea, ukaitika.

"Haloo, mpe mwenzako simu," Mama akasema.

"Mke wangu!"

Mama mdogo anasema alimwona dada yake akishuka ukutani taratibu mpaka akakaa sakafuni.

"Uko wapi wewe?" ulikuwa unasema. "Siku ngapi hizi?"

"Umenijua?"

"Nitakosaje kukujua? Rudi nyumbani. Waliniwekea mwanamke hapa, ameondoka, sasa wameleta mwingine mkali kama pilipili. Yule wa kwanza afadhali." Ukatega sikio. "Nani yuko huko nawe? Nasikia mwanamume."

"Redio hiyo."

"Izime."

Mama akamwashiria mdogo wake azime redio. Halafu, kwa sauti ambayo mama mdogo anasema hakuwahi kuisikia kwake tangu wakiwa wasichana, akasema, "Niambie ile habari ya gauni la kijani."

"Nani amekuambia?"

"Yule dada wa hapo."

"Mbea yule," ukasema. Kisha ukamwambia. Yote, tangu mlango wa duka hadi ile kilo iliyozidi, ukaongeza na mengine ambayo Mama amekataa tuyaandike.

Alirudi jioni ile ile. Daktari aliposikia, hakushangaa. Alisema sauti ina njia yake kichwani, na huenda hiyo yako ilikuwa bado haijakatika. Kuanzia hapo kila siku baada ya chakula Mama aliingia chumba chako cha kazi, akafunga mlango, akakaa kati ya mizani zako, akakupigia wewe uliyekuwa sebuleni. Mliongea mpaka chaji ikaisha. Kisha akaja na chai, nawe ukamringia: "Umechelewa, dada. Nilikuwa naongea na mke wangu."

"Anasemaje?"

"Hayo ni ya wenyewe."

Wivu haukuisha, Baba. Tusikudanganye. Zipo siku Mama alitoka chumba cha kazi na macho mekundu, kwa sababu sauti yake ilipewa mapenzi na mikono yake ikapewa asante. Siku moja tulimkuta anasonya mbele ya simu iliyozimwa. Lakini begi hakulifunga tena.

Miezi minane mliishi hivyo. Ukaanza kupaliwa na maji, kisha na uji, mapafu yakaingia homa, ukalazwa. Jumatano, wodini, sauti yako ilikuwa imebaki uzi. Mama akatoka akasimama kwenye korido, akapiga. Dada mkubwa akakuwekea simu sikioni.

"Mimi hapa," Mama akasema.

Ulivuta pumzi muda mrefu. "Ukija," ukasema, "yule dada… usimfukuze. Ana mikono mizuri. Amenitunza."

"Nani amekuambia nitamfukuza?"

"Nakujua. Una wivu."

Mama alicheka kwa nguvu pale koridoni, akilia, hadi muuguzi akageuka. Akafuta uso, akaingia, akakaa kando ya kitanda, akakushika. Ulifungua macho ukasema, "Dada." Mama akaitika, "Abee." Ijumaa asubuhi ulifariki, mkono wako ukiwa katika mikono hiyo.

Anakukumbuka mkeo, ambaye sasa anajua. Anakukumbuka binti yako mkubwa, yule mkali kama pilipili. Tunakukumbuka sisi wanao wawili wa kiume na wake zetu, ambao siku hizi tunawaambia mambo kwa mdomo, hata yakiwa ya kijinga. Wanakukumbuka wajukuu wako watano, na mama mdogo.

Anakukumbuka pia yule dada wa nyumbani. Mama ndiye aliyeamuru aandikwe, kwa kuwa ulimwombea. Ila ametuagiza tuhakikishe jina lake liko chini, na la mkeo liko juu.

Hatutachoka kukukumbuka, Baba, siku zote za maisha yetu.