Misonobari Iliyokataa Kuwa Sukari

Hietaperä, 3 Machi

Kwako mwanangu Taimi,

Salamu nyingi. Mimi ni mzima, ila goti linanisumbua kwa baridi. Wewe je, kifua kimepona?

Kile kiwanda cha kutengeneza sukari kwa miti kimefungwa. Kimefanya kazi wiki tano tu. Juzi mhandisi alituita wenye misitu wote kwenye ukumbi wa shule, akasema misonobari yetu "inakataa" kugeuka sukari. Inakataa! Kama mtoto na dawa. Jirani yetu Aarne akauliza ni nani aliyesema itakubali. Mhandisi akafungua ripoti ya chuo kikuu, akasoma jina: Daktari Taimi Karppinen.

Ukumbi mzima ukanigeukia. Mwenyekiti wa ushirika ni mimi, Taimi. Ni mimi niliyepita nyumba kwa nyumba nikiwaambia watu wakate. Na mimi mwenyewe nimekata ule msitu wa nyuma ya sauna, alioupanda babu yako aliporudi vitani. Magogo yamelala kando ya reli tangu kiangazi, yameingia ukungu wa buluu.

Mlangoni Aarne alinishika bega. "Binti yako katuuzia mbegu zilizochemshwa."

Nijibu neno moja. Ulijua?

Baba


Turku, 10 Machi

Kwako Baba,

Shikamoo. Kifua kimepona, ahsante. Pole na goti.

Nilijua.

Kwenye mabua ya ngano vimeng'enya vyetu vilifanya kazi vizuri. Viliikata selulosi, yaani nyuzi za mmea, ikawa sukari ndani ya siku mbili. Kisha tukajaribu msonobari. Mti una lignini, ile gundi inayoshikamanisha nyuzi zake usimame wima. Tukiupika kwa mvuke, lignini inayeyuka, halafu ikipoa inaganda juu ya nyuzi, matone matone. Vimeng'enya vinanasa humo kama nzi kwenye utomvu, haviifikii selulosi. Ukiongeza vingine, navyo vinanasa. Niliandika kurasa mbili kuhusu hilo. Profesa Rautio, mkuu wangu, akazitoa kwenye ripoti. "Kiwanda kinajengwa tayari," akaniambia. "Hayo wahandisi watayamaliza." Nikatia sahihi.

Lakini Baba, usinibebeshe peke yangu. Mkesha wa Juhannus, sikukuu ya katikati ya kiangazi, tukipasua kuni, nilikwambia usubiri mwaka mmoja kabla ya kukata. Ulinijibu nini? "Chupa zako zisinifundishe msitu." Ukacheka. Shangazi Kerttu naye akacheka.

Binti yako,
Taimi


Hietaperä, 15 Machi

Taimi,

Salamu sina.

"Subiri" ni neno la mtu anayeogopa mvua. "Nimepima, haifanyi kazi" ni neno la daktari. Ulikuwa na la pili mdomoni ukanipa la kwanza, kisha ukaenda kutia sahihi. Yule mjane Helmi amekata hekta nne alizomwekea mwanawe. Mwandikie yeye habari za nzi na utomvu.

Na bado! Sasa kampuni yenye kiwanda imevuka ziwa. Inawaambia watu wa Koivuranta kwamba ubovu ulikuwa wa mashine, nyingine zinakuja, wakate tu. Wanatembea na ripoti ileile, yenye jina la ukoo wangu.

Pasaka usije.

Oiva Karppinen


Turku, 29 Aprili

Kwako Baba,

Shikamoo, hata kama huitikii. Barua zangu mbili hukuzijibu, lakini hii ni lazima uisome.

Nimekiandikia chuo kwamba ripoti ni pungufu, iondolewe. Rautio akaniita ofisini. "Barua hii ikitoka, hutashika tena hata chupa humu ndani." Nikamwambia chupa hizo azinywee kahawa. Yeye akapiga meza, mimi nikabamiza mlango. Kwa hiyo kazi sina.

Nina hasira naye. Nina hasira nawe. Na ile niliyo nayo juu yangu mwenyewe hainiachi hata nikila. Tarehe 12 Mei watu wa Koivuranta wanakutana kuamua. Nitakuja kuwaambia. Nyumbani sitafika, umenikataza.

Taimi


Hietaperä, 14 Mei

Mwanangu Taimi,

Hujambo? Ulifika salama? Mimi sijambo, goti tu limevimba.

Ulikwenda kuwahi basi, hukuyaona yaliyofuata. Uliposema mbele ya watu, "Nilijua, na nikatia sahihi," Aarne alikuita mwongo mara tatu, nawe hukuinamisha kichwa. Wengi wa huku tulivuka ziwa kuja kusikiliza, na mimi nilikuwa safu ya nyuma kabisa. Ulipotoka akaendelea: "Hata baba yake mzazi kamdanganya!"

Hapo nikasimama. Nikasema, "Sikudanganywa. Mtoto aliniambia nisubiri. Nikamcheka, kisha nikaja kwako, Aarne, nikakwambia ukate, na neno lake sikukutajia."

Aarne alichukua kofia yake akatoka. Miaka arobaini tumevua samaki pamoja kwenye barafu, na jana dukani alinipita kama nguzo. Watu wa Koivuranta wamepiga kura. Hawakati.

Bado nimekukasirikia, tena sana. Nimejaribu siku mbili kuiandika hasira hii, karatasi haitoshi. Njoo nyumbani tugombane mezani, uso kwa uso. Wewe pia una mengi ya kuniambia, nami safari hii sitacheka.

Baba yako