Yunisi Hakumuua Mama

Kijiji cha Chapwa,
S.L.P. 31,
Tunduma.
9 Mei 1976

Mpendwa kaka Danford,

Pokea salamu zangu kutoka huku nyumbani. U hali gani huko Kitwe? Kile kifua kilichokuwa kinakusumbua ukitoka mgodini kimepona, au bado unakohoa asubuhi? Niambie ukweli, usinifiche kama ulivyokuwa ukimficha Mama. Mimi ni mzima wa mwili. Mahindi ya shamba la kijiji yamekauka vizuri na wiki hii tumeanza kuvuna. Baba mdogo Hezron hajambo, ila miguu tu ndiyo inamsumbua.

Kaka, kabla hujaendelea, kaa chini. Baba mdogo alikuandikia aliyoyasikia msibani, nawe ukamjibu kwamba mkeo arudishwe kwao Isansa kwa kuwa alimuua Mama kwa chakula. Yunisi ameondoka. Leo ni siku ya kumi na mbili. Alimshika mtoto wenu Lusungu mkono, akajitwika sanduku lake, wala hakulia. Alipofika mlangoni kwangu alisimama, akasema, "Wifi, wewe ulikuwepo." Kisha akaenda zake.

Ni kweli. Nilikuwepo, nikanyamaza.

Siku ile ya Machi tulipata barua yako, ya kwanza baada ya miezi kumi na minne. Yunisi kwa furaha akachinja yule kuku mweusi, mchana uleule. Kwa kuwa nyumbani hatuna mwanamume, firigisi akampa Mama. Mama akacheka sana, akasema tangu azaliwe hajawahi kupewa firigisi. Tulikaa jikoni sisi watatu na Lusungu. Barua nilikuwa nayo mkononi. Mama akaniambia, "Tule kwanza, Roda. Chakula hupoa, barua haipoi." Sikuweza kusubiri. Nikaanza kusoma huku wao wanakula.

Nilipofika pale ulipoandika kwamba utakuja mwezi wa saba, na kwamba hutarudi tena mgodini, Mama aliinua mikono, akavuta pumzi ya nguvu ili apige kigelegele. Firigisi ilikuwa bado mdomoni. Unajua magego yake yalikuwa yamekwisha. Kigelegele hakikutoka. Hakikutoka kitu, kaka, hata kikohozi. Nilidhani anatania, nikasoma mstari mwingine mzima. Nilipoinua macho alikuwa amelishika koo kwa mikono miwili na midomo imebadilika rangi.

Nilimpiga mgongoni. Nilimnywesha maji, yakamwagikia kifuani. Yunisi ndiye aliyempanua mdomo akaingiza vidole ili akitoe kile kipande. Mama akamng'ata mpaka damu ikatoka, naye hakuviondoa. Wakati huo jirani yetu Tabu akaingia mbio kwa ajili ya mayowe yangu. Alichokiona ni Yunisi amempigia Mama goti kifuani, mkono uko mdomoni. Mama akakata roho mbele ya macho yetu.

Kwenye matanga maneno yakaanza. Mara firigisi ilitiwa dawa, mara mke alimsokomeza mama mkwe sumu. Baba mdogo akaniuliza mbele ya wazee, "Roda, uliona nini?" Nikasema sikuona vizuri. Niliogopa kwamba wangeniuliza nilikuwa nasoma nini wakati wa kula, na Mama alishanikataza. Niliogopa pia kwamba jina lako litatajwa katika kifo chake. Uoga wangu ndio uliomtoa Yunisi nyumbani kwako.

Kesho yake baada ya Yunisi kuondoka nilikwenda zahanati kwa Bwana Lusubilo, mganga wetu, nikamweleza yote. Hakunigombeza. Alichukua chaki akachora shingo ya mtu kwenye ubao wa mlango. Akanionyesha kwamba mdomo na pua vyote vinafungukia kooni, mahali pamoja, halafu chini njia inagawanyika. Ya mbele ni ya hewa, inakwenda mapafuni. Ya nyuma ndiyo umio, inapeleka chakula tumboni. Juu ya njia ya hewa kuna kifuniko kidogo, kidakatonge. Tukimeza, koo linapanda, kifuniko kinalala, na pumzi inasimama kidogo mpaka tonge lipite. Aliniambia niweke kidole kooni nimeze mate, nikasikia koo linapanda na kushuka.

"Mtu hawezi kumeza na kuvuta pumzi kwa wakati mmoja," alisema. "Mama yako alivuta pumzi, njia ya hewa ikawa wazi, nyama ikafuata huko. Sumu hainyamazishi mtu ghafla namna hiyo. Wifi yako alikuwa anamwokoa."

Nikamuuliza kama maji yangu ndiyo yaliyommaliza. Akasema maji hayamfai mtu aliyezibwa pumzi, lakini njia ilikuwa imekwisha kuziba kabla sijashika kikombe. Sijui kama alisema kweli au alinihurumia. Siku hizi hata ugali naumeza kwa hofu.

Nimekwisha kusema mbele ya Baba mdogo na wazee. Baba mdogo alilia. Kisha akasema, "Neno la mume ndilo lililomtoa. Mimi siwezi kumrudisha."

Jumatano iliyopita nikaenda Isansa. Vidole viwili vya Yunisi bado vina makovu ya meno ya Mama. Nilipiga magoti mbele ya wazazi wake, nikaeleza kama nilivyokueleza wewe. Yunisi alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Wewe nimekusamehe, wifi, ulikuwa na hofu. Lakini yeye nimeishi naye miaka sita, na hata kuniuliza hakuniuliza."

Jibu ni lako, kaka.

Usiseme barua yako ndiyo iliyomuua Mama. Nimejisemea hivyo mimi juu ya ulimi wangu mpaka nimechoka. Alikufa akijua kwamba unarudi, na furaha ile usoni mwake niliiona mimi.

Barua hii nampa Enoka wa relini akufikishie mkononi. Usimwandikie Yunisi. Njoo. Ukivuka mpaka, usianzie hapa nyumbani wala kaburini. Mama atakungoja. Panda gari uende Isansa kwanza.

Msalimie binamu yetu Kefa na mkewe. Baba mdogo anakusalimu, na anaona haya kukuandikia. Lusungu hajambo, amekuwa mrefu.

Mungu akulinde chini ya ardhi unakofanya kazi, akupe na moyo wa kuomba radhi.

Ni mimi mdogo wako akupendaye, niliyechelewa kusema,

Roda