Kijiko cha Kupita Lango la Zizi

Shamba la Misheni,
Chato.

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo Baba. Shikamoo nyingine nampelekea Mama, maana najua saa hizi yuko jikoni anasikiliza huku akijifanya anapepeta mchele. Mimi ni mzima, nakula, nalala, na kikohozi kile cha mwaka jana kimeniacha. Goti lako linasemaje? Mvua za Tinde zimefika wapi, na yule ng'ombe mwekundu kazaa au bado anatutania? Nawe dada Kabula unayemsomea Baba, soma pole pole, usiyakimbize maneno kama unavyokimbiza ndama.

Baba, nilipoondoka uliniambia mbele ya baba wadogo: "Nenda ukacheze na hayo machuma. Ukishindwa, rudi ushike fimbo, ng'ombe wako wanakusubiri." Neno hilo nimelala nalo miaka miwili. Leo nakujibu, tena nakujibu nikiwa nimenyoosha shingo.

Habari yenyewe ni hii. Wafadhili wa misheni walikubali kutununulia mtambo mmoja tu wa kutunza shamba: kuzoa samadi zizini, kufukua matope ya lambo, kuziba makorongo ya barabara iendayo ziwani. Ni mtambo wenye koleo kubwa mbele linalopanda na kushuka. Sisi tunauita kijiko. Hadi wakati huo kazi hizo zote zilifanywa kwa chepe, karai na vichwa vya akina mama. Bruda anayesimamia shamba akanichukua mimi, dereva wa trekta lake bovu, twende Mwanza kuchagua.

Tulikuta viwili. Kimoja kikubwa, tairi zake zinanifika kidevuni, rangi inang'aa. Cha pili kidogo, kimo cha mtamba, kimewekwa pembeni huko kama mgeni asiyealikwa. Muuzaji hakukitazama kabisa. Bruda naye macho yalishanasa kwa kile kikubwa, akawa anakizunguka na kukipigapiga kama mnunuzi mnadani. Mimi nikatoa kamba mfukoni. Kabla ya safari nilikuwa nimepima lango la zizi na kufunga fundo. Nikaivuta mbele ya kile kikubwa, kikalizidi fundo kwa hatua nzima. Kile kidogo kilitosha, na nafasi ya kiganja ikabaki kila upande.

"Lango tutalipanua," Bruda akasema. "Si ni miti tu ile?"

Hapo damu ikanichemka. "Bruda, lango lile limebanwa makusudi. Jioni ng'ombe wanaingia mmoja mmoja, mchungaji anawahesabu bila kukosea. Mwizi akija, hawezi kuwatoa wote kwa mkupuo. Ukilipanua, Mzee Lushinge na wachungaji wake wataacha kazi siku hiyo hiyo."

Muuzaji akacheka, akasema hicho kidogo ni cha kubebea maua ya bustani. Nikamwambia ukubwa wa pua si wingi wa kamasi. (Kabula, acha kucheka, soma.)

Bruda aliichukua kamba, akapima mwenyewe. Kisha akasema, "Shija, nitachukua unachotaka wewe. Lakini kikishindwa kazi, usukani nitampa mwingine, na wewe utarudi kwa baba yako." Nikakubali.

Tukakipakia kwenye lori, tukavuka ziwa pale Busisi, tukafika salama. Siku ya kwanza tu nikafanya kosa ambalo, ungekuwepo, ungenichapa. Sifa zilinizidi. Badala ya kuanza na zizi nikaanza na lambo, ili watu wote wanione. Nikaona udongo mweusi umekauka na kupasuka, nikateremka nao. Wewe umenifundisha tangu utotoni kwamba udongo wa mbuga hukauka uso tu. Kijiko kikazama hadi tumboni. Na mimi, kwa mazoea, nikasimama juu yake nikakipigia mluzi na kukikemea kama maksai! Watu walicheka hadi wakakaa chini. Akina mama wa makarai ndio hawakucheka, maana walishaambiwa kwamba sasa vichwa vyao vitapumzika. Bruda alisimama ukingoni, mikono nyuma. Nikaona kabisa njia ya kurudi Tinde.

Mzee Lushinge, mkuu wa wachungaji, akanisogelea. "Ng'wanawane, mwanangu," akasema, "ng'ombe akinasa, unamvuta pembe?"

Aibu ilinishika, Baba, kwa kukumbushwa jambo la nyumbani na mtu mwingine. Ng'ombe aliyenasa anatandikiwa majani miguuni, halafu anaachwa ainuke kwa nguvu zake. Nikalishusha koleo, nikalikandamiza ardhini mpaka tairi za mbele zikanyanyuka. Akina mama wakakata matawi, wakayasukumia chini ya tairi. Nikarudi nyuma kidogo, nikakandamiza tena, wakatia matawi tena. Tulirudia hivyo hadi jua likawa utosini, kikatoka chenyewe bila kuvutwa na mtu wala trekta. Vigelegele vya wale akina mama nadhani vilifika ziwani.

Kesho yake kiliingia zizini kwa lango lile lile, hakikugusa hata mti. Samadi iliyolala humo miaka na miaka, kwa siku nne ilikuwa imeshatandazwa kwenye mashamba ya pamba. Barabara ya ziwani sasa inapitika, hata lori la samaki linafika. Jumamosi Bruda akaniita ofisini, akanikabidhi barua ya ajira ya kudumu, mwendeshaji wa kijiko. Zamani alikuwa ananiita "wewe dereva". Sasa ananiita fundi. Najivunia, Baba, sifichi. Kichwa kimevimba na kofia hainienei.

Mama atapata mche mzima wa sabuni, dereva wa lori la pamba atauleta. Wasalimie baba wadogo wote, na mjomba fundi baiskeli wa pale barabarani. Mwambie naye ajue kuwa si yeye peke yake fundi katika ukoo huu.

Basi Baba, neno lako lilikuwa kwamba nikishindwa nirudi. Sikushindwa. Sirudi kushika fimbo. Nimezunguka kurasa zote hizi kwa sababu najua litakuuma, nami linaniuma.

Ng'ombe wangu nakuomba umpe Kabula, wawe mali yake. Tangu arudi kutoka kwa mumewe, yeye ndiye anayewaamkia alfajiri, ndiye anayemjua mgonjwa kabla hajalala chini. Baba wadogo watasema ng'ombe hawapewi binti. Waambie mwenye fungu ndiye aliyesema, na amesaini.

Kabula dada yangu, najua hapo umenyamaza. Rudi juu kidogo, umsomee Baba kwa sauti, usiruke hata neno moja.

Mwanao,
Shija, mwendeshaji wa kijiko