Nimefuta rekodi ya marehemu, na mke wangu anadhani naumwa tumbo

Mpendwa mshauri, msaada ninaoomba ni mdogo ila njia ya kuufikia ni ndefu, kwa hiyo kaa vizuri, na ule uso uliokunja kwenye picha yako ya gazetini usinikunjie mimi, nimeshakunjiwa nyuso na watu wenye vyeo na bado nipo.

Nilikuwa fundi saa. Shule niliachana nayo darasa la nne kwa makubaliano ya pande zote mbili, mimi na mwalimu mkuu, kwa hiyo nukta zikikosekana vuta pumzi uendelee. Kwenye kibanda changu watu walikuwa wakileta saa, na pamoja na saa walileta vile vigemu vya mkononi vya zamani, vya kielektroniki, ukubwa wa kiganja, kioo cha kijivu na vibonyezo viwili, kila kimoja na mchezo wake mmoja tu mpaka kinakufa. Wengine hawakurudi kuvichukua, nikavionea huruma, huruma ikageuka ugonjwa, nikaanza kuvitafuta mwenyewe kwenye mabanda ya vitu vikuukuu, na leo kabati la vyombo limejaa vigemu na vyombo viko chini ya kitanda.

Wagonjwa tuko watatu. Kuna mimi, kuna mfamasia mmoja mstaafu, na kuna dereva wa lori tunayemwita Chaji kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona ana nguvu. Sheria yetu ni moja, kwamba kigemu kikilala betri zitoke. Betri ikisahaulika ndani huvuja, ule uji wake unakula vibati vinavyoigusa, na kigemu kinakwenda kwa kutu. Kwa hiyo sisi tukiona kigemu popote, hata kwa mtu tusiyemjua, mkono unakigeuza mgongo kabla mdomo haujasalimia. Chaji alishafanya hivyo msibani, mbele ya wafiwa, na wafiwa walimshukuru wakidhani anaombea.

Sasa mambo yenyewe. Mwaka juzi nilioa. Usicheke. Ni muuguzi wa wodi ya watoto, mjane, anakaribia kustaafu, mwanamke mwenye mikono myepesi na macho mazito. Alikuja na masanduku yake, na picha ya marehemu mumewe aliyekuwa mpimaji ardhi. Picha niliitundika mimi mwenyewe sebuleni, na niliipima kwa pimamaji, maana ingeinama kidogo tu angenidharau. Mimi na marehemu hatuna ugomvi. Asubuhi namsalimia.

Alikuja pia na kigemu, amekifunga kwenye leso, kinakaa droo ya juu. Ndani yake kuna kijitu chenye ndoo, paa la nyumba linavuja, matone yanashuka, kijitu kinakimbia kushoto na kulia kuyadaka, na tone la tatu likigusa sakafu nyumba inafurika na mchezo umekwisha. Marehemu alikuwa akikicheza porini akisubiri ukungu uondoke apime ardhi za watu. Ukikiwasha kinaonyesha rekodi yake, 912. Betri zikitoka, rekodi nayo inatoka. Mke wangu ameitunza miaka yote kwa ufundi wake, nilimwona mara moja kwa macho yangu, amebana pumzi, betri mpya tayari kwenye vidole, za zamani zinatoka na mpya zinaingia kabla kigemu hakijapata nafasi ya kusahau, kama vile anambadilishia mtoto dripu. Nikasema moyoni, huyu angekuwa fundi saa ningekufa njaa.

Siku hiyo alikuwa zamu ya mchana. Mimi nina mafua, nimefungua droo natafuta leso, nimeshika leso, ndani ya leso kuna kitu, nikakigeuza mgongo, nikafungua, nikazitoa betri, nikazipanga mezani, nikapuliza vumbi. Nilipuliza vizuri kabisa, mpaka kwenye kona. Ndipo nikakumbuka ni cha nani.

Niliporudisha betri kioo kikasoma sifuri. Nikamwangalia marehemu ukutani. Hakusema kitu, si mtu wa maneno.

Basi nikajiambia, mzee, wewe umerudishia watu saa zao zikiwa na sekunde zake, hutashindwa namba. Nitacheza mpaka nifike 912 halafu niyaachie matone yaanguke, nirudishe kigemu kwenye leso, na dunia iendelee. Nikaanza. Mwanzo nilikuwa nafurika mapema, nyumba inajaa maji hata kabla sijaketi. Na kile kigemu hakina kitufe cha kuzima sauti, kila tone linalia ti, na matone yakizidi ni ti-ti-ti-ti mpaka meno yanauma. Mke wangu akiwa nyumbani nikawa nakificha chini ya shati naenda nacho chooni, nakifunga taulo, nafungulia maji ya bomba.

Akaja kusimama mlangoni.

"Mzee, leo umeshaingia humo mara ngapi?"

"Tumbo."

"Na hiyo milio?"

"Bomba."

"Bomba gani linalia hivyo?"

"Limezeeka."

"Halijakuzidi wewe," akasema, akaenda kunikorogea uji mwepesi.

Uji nimekunywa sana, mshauri. Baada ya uji akaja na kichupa, akaniambia nimwekee humo kidogo apeleke maabara. Nikaweka. Majibu yakarudi masafi, na hayo masafi ndiyo yaliyomtisha zaidi, akasema basi tatizo liko juu huko ambako kichupa hakifiki. Alhamisi ijayo ameniwekea miadi kwa daktari wa mpira wenye taa, ule unaoingizwa kwa mlango wa nyuma. Amebadilishana zamu na mwenzake ili anishike mkono.

Ningekuwa nimeshajiokoa, maana wiki iliyopita nilifika. Nilifika 912 kabisa, nikaiona, nikajua hapa ndipo pa kuacha, na kidole kikakataa. Kijitu kikawa kinakimbia chenyewe, ndoo inadaka tu, na nyumba ilipofurika kioo kilisoma 931.

Nikaenda kwa Chaji, yuko chini ya lori lake, miguu tu inaonekana.

"Nimempita marehemu," nikaiambia miguu.

"Kwa ngapi?"

"Kumi na tisa."

"Amejuaje?"

"Nani?"

"Marehemu."

"Chaji, toka huko chini tuzungumze kiutu uzima."

"Huku nasikia vizuri. Si utoe betri uanze upya? Futa, cheza, simama kwenye namba ya mwenzio, nenda kapimwe tumbo lako."

Maneno ya akili hayo, na sijui aliyatoa wapi. Nikarudi nyumbani kuifuta. Nimeshaufungua ule mgongo mara kadhaa, nimeshika betri, nimeshindwa kuzitoa. Mimi niliyetoa za marehemu kwa pumzi moja ya mafua, zangu zimenishinda. Nakaa chooni naiangalia 931 na sichezi hata tone moja, maji ya bomba yanatiririka, mke wangu yuko mlangoni ananiuliza kama kuna damu.

Nilisahau kukueleza jambo dogo. Siku anahamia, alifungua ile droo akaniambia, "Vyote humu ni vyako na vyangu, isipokuwa hiki. Hiki usikiguse, namba iliyomo ndiyo kitu pekee alichoacha ambacho bado kinawaka." Nilisikia. Nikamwambia sawa mama.

Kwa hiyo swali langu ni fupi. Nimwambie, au nighushi namba ya mwenyewe ninyamaze, au niiache hiyo yangu niombe Mungu mke wangu asikiwashe? Jibu liwahi Alhamisi. Si kwamba naogopa mpira. Mwingine angeogopa.

Wako mtiifu pale inapobidi,
Fundi Saa Mstaafu

*

Mshauri anajibu:

Mzee wangu, shikamoo. Heshima inaishia hapo, sasa tusemezane.

Umenieleza kutu mpaka nimehisi ganzi kwenye meno. Umenieleza paa, ndoo, vumbi la kwenye kona. Halafu lile onyo la mkeo ukalisukumia mwishoni kabisa, chini ya miguu ya Chaji, ukaliita jambo dogo. Umefungua saa za watu maisha yako yote. Uliwahi kufungua ya mtu aliyekuambia usiifungue? Mkono wako una nidhamu siku zote, isipokuwa siku ile kwenye droo ile. Mkono haukukosea. Ulitumwa.

Ulitumwa na wivu. Sikucheki, wivu ni kitu cha watu wazima, na kuishi chini ya picha ya mwenzio si kazi nyepesi hata kama umeitundika mwenyewe kwa pimamaji. Pole kwa hilo, na ni pole ya kweli. Ila angalia unayeshindana naye. Ni mtu ambaye hawezi kuomba raundi ya pili. Wewe una mke, una uji, una mtu anayebadilisha zamu ili akushike mkono. Yeye alikuwa na tarakimu tatu kwenye kioo cha kijivu, na hizo nazo ukazipuliza pamoja na vumbi.

Kughushi sitaki hata kusikia. Ukifanikiwa, kila akikiwasha atakuwa anakitazama kidole chako akidhani ni cha mumewe, na utakaa pembeni ukijua, mpaka mmoja wenu aondoke. Fundi mzuri anaweza. Mume mzuri hawezi.

Unaniuliza umwambie au usimwambie, kana kwamba hajui. Huyo mama ameishi na ule mlio miaka yote ya ndoa yake ya kwanza. Umemwambia ni bomba. Sasa mambo ni mawili. Ama ameshajua, na anakusubiri useme mwenyewe kabla daktari hajakufikia, na hapo nampa mkono. Ama hajajua, ule mlio ameusahau kwa sababu moyo umemjaa hofu, na kila unapofunga mlango wa choo anahesabu dalili. Ni muuguzi na ni mjane. Ameshamzika mume mmoja. Sijui lipi kati ya hayo mawili ndilo la kwenu, lakini kama ni la pili, basi umemkalisha mlangoni akijiandaa kuzika tena, na wewe uko ndani unafurahia kumi na tisa.

Toka humo chooni.

Fanya hivi, na ufanye leo, usingoje Alhamisi. Hiyo 931 ifute kabla hajarudi kutoka kazini. Usiipige picha, usimwite Chaji aione. Akirudi usimvamie mlangoni, mwache anawe, ale, anyooshe miguu. Kisha lete kigemu mezani kwenye leso yake, kikiwa kimezimwa, na neno la kwanza kabisa liwe kwamba tumbo lako ni zima. Mwache alimeze hilo. Halafu ndipo umwambie rekodi haipo na wewe ndiye uliyeifuta.

Akilia, mwache alie, usimpe maelezo ya ufundi. Akinyamaza siku tatu, vumilia siku tatu, na ndani ya hizo siku tatu vigemu vyako vihame kabatini vyombo virudi mahali pake. Akikufukuza ukalale sebuleni, lala, na usimlalamikie aliye ukutani. Akikiwasha akacheza mwenyewe, kaa kimya, hata akikosea, hasa akikosea. Usimfundishe. Kigemu ni chake, na kitakacholala humo kuanzia sasa ataamua yeye.

Miadi ya daktari usiivunje. Majibu ya kichupa hayatoshi kwa umri wako, na mtu aliyekupangia anajua kazi yake kuliko wewe na mimi. Mpira utauvumilia. Wewe ndiye uliyeuita.

Bado kuna swali moja atakalouliza, haliepukiki, atauliza kwa nini. Una majibu mawili mfukoni, la kutu na la wivu, na yote mawili ni kweli. La kutu ni refu, lina vibati na sheria ya watu watatu, na utatamani kulisema. Anza na la wivu. Lina maneno machache, na ndilo analostahili kulisikia akiwa bado anakuangalia.