Jozi Moja ya Sandali

Filister, usipige, network ni mbovu. Soma tu.

Tuko Bonde la Ufa na chama chetu cha akiba, pamoja na watoto. Kabla ya kushuka korongoni, mwongozaji alitaka kutuhesabu. Mama Elvis akamkatalia: "Kwetu watu hawahesabiwi kama mbuzi. Unatuitia kifo?" Mimi na diploma yangu nikacheka. Nikamwambia mwongozaji, "Wachana na hiyo hesabu, twende!"

Tuliacha viatu juu, tukavaa gambuti za kukodisha.

Huko chini mwongozaji akaona wingu jeusi milimani. "Pandeni sasa hivi! Maji ya hapa hayabishi hodi." Tukapanda mbio. Juu akauliza, "Mko wote?"

"Tuko!"

Tuko, Filister. Mimi ndiye nilijibu kwa sauti kuliko wote.

Sasa kila mtu amevaa viatu vyake na imebaki jozi moja. Sandali za bluu za Valentine, binti ya Mama Elvis. Mamake alidhani yuko na Celine wangu.

Mwongozaji ameshuka tena na kamba. Korongo linanguruma.

Mama Elvis ameketi na hizo sandali mapajani. Anatuhesabu kwa kidole, mmoja mmoja. Akifika mwisho, anaanza tena.