Sanduku Tupu la Boa wa Kijani

Karibu na Kenyatta Market,
Nairobi.
14 Septemba 1974.

Mpendwa Mjomba Tobias,

Pokea salamu nyingi kutoka nyumba hii. Mguu unaendeleaje? Mama ametuambia kwamba siku hizi unafika kanisani bila fimbo, tukafurahi sana. Naamini Mama Lornah naye ni mzima, na kwamba baridi ya huko Arusha haikumharibia maharagwe. Sisi hatujambo. Phoebe alisumbuliwa na kikohozi mwezi wa Julai, lakini sasa kimekwisha.

Mjomba, umeniuliza kama ni kweli nafuga nyoka ndani ya nyumba, na kama Phoebe amekubali au anavumilia tu. Una haki ya kuuliza, maana wewe ndiwe uliyetuombea siku ya harusi. Afadhali uyasikie kwangu kuliko kwa watu.

Nyoka wa kwanza ni boa wa mchangani, wa hapa hapa Kenya. Ni mfupi, mnene kama mpini wa jembe, na hana sumu. Kutwa amejifukia mchangani. Hula panya, hunywa maji, basi. Nimekaa naye miaka kadhaa na sidhani kama ananijua. Phoebe alimzoea kwa kuwa hamwoni.

Huyu wa pili ndiye aliyeleta maneno. Alikuwa wa Bwana Inderjit, injinia wetu pale ofisini Hurlingham, ambako mimi huchora ramani za nyumba. Ni boa wa mitini, aliyeletwa na shemeji yake kutoka Guyana. Mjomba, sijaona kijani kama kile, na mgongoni ana alama nyeupe kama aliyemwagikiwa na chokaa. Hujikunja juu ya tawi, akaweka kichwa katikati, akatulia.

Mwezi wa Mei Bwana Inderjit aliniita kwake Spring Valley. Alikuwa anahamia Uingereza kwa watoto wake, na nyoka hawezi kwenda naye. Mwenye baa mmoja alikuwa amemwomba nyoka huyo, ili amweke dirishani avute wateja. Bwana Inderjit alinitazama, akaniambia, "Joash, nataka umchukue wewe. Lakini usinijibu leo. Yule wako wa mchanga ukikosea anakusamehe. Huyu hasamehi."

Akanieleza. Huyu anataka joto, lakini si jingi. Anataka hewa yenye unyevu, lakini isiyooza. Ana meno marefu, na hapendi kushikwa. Akipatwa na ubaridi kifua chake hujaa, na hapo huna la kufanya.

Nilikuwa karibu kusema ndiyo papo hapo, kwa ajili ya ile baa. Njiani kurudi nyumbani nikajiuliza kama namtaka kwa sababu naweza kumtunza, au kwa sababu ni mzuri na wenzangu watanisifu.

Basi nikafanya jambo ambalo mtaa mzima ulilicheka. Nilitengeneza sanduku la mbao na kioo, nikaweka tawi, balbu, beseni la maji na kipimajoto. Nikaanza kulitunza likiwa tupu. Asubuhi nanyunyizia maji, jioni nanyunyizia tena, natazama joto, nafungua tundu za hewa. Nilijiambia kwamba nikishindwa kulitunza sanduku lisilo na kitu katika baridi ya Julai, Bwana Inderjit amtafute mtu mwingine.

Phoebe aliuliza, "Kwa hiyo sasa tunafuga hewa?"

Sikumlaumu. Jirani yetu Nzioka alikuwa akileta wageni wake waone mtu anayenyweshea sanduku.

Mwanzoni nilishindwa. Kuta ziliota ukungu, nikabomoa nikaanza upya. Kisha joto likapanda mno mchana tukiwa kazini. Kila nilipokosea nilimfikiria yule kijani juu ya tawi, nikashukuru kwamba hayumo.

Katikati ya Julai nikaenda nyumbani kijijini kwa mazishi ya Mzee Shem, ambayo Mama alikuandikia. Sikumwachia Phoebe maagizo yoyote. Niliona aibu kumwomba alinde kitu kisichokuwapo, tena anakohoa. Nikajua kwamba jaribio langu limeishia hapo.

Niliporudi nilikuta mtaa hauna stima, umeme umekatika tangu jana yake. Phoebe alikuwa amejitanda blanketi, jiko la makaa liko mlangoni, naye anajaza chupa maji ya moto. Alizifunga kwa matambara akazipanga kuzunguka sanduku. Nikatazama kipimajoto. Joto lilikuwa linatosha kabisa, na kioo kilikuwa na umande.

Nikamuuliza kwa nini amejisumbua.

"Niliona kwamba angekuwamo angekufa," akasema. "Nikashindwa kulala namfikiria. Lakini usiniambie nimshike."

Mjomba, nilikaa kitini bila kuvua koti. Muda wote ule nilikuwa najipima mimi peke yangu, na hapo ndipo nilipoona tumekwisha kuwa tayari. Siku iliyofuata nilimwendea Bwana Inderjit nikamjibu.

Tulimleta mwezi wa Agosti. Alikataa kula, na nikaanza kuogopa, lakini Bwana Inderjit alikuwa ameniasa nisimsumbue. Tukanyunyizia maji, tukangoja. Tulipomsindikiza Bwana Inderjit uwanja wa ndege Embakasi, swali lake la mwisho lilikuwa kama boa amekula, nami sikuwa na habari njema ya kumpa.

Jumamosi iliyopita, jua likizama, Phoebe aliniita kwa sauti ya chini kutoka sebuleni. Boa alikuwa ananing'inia kwenye tawi, kichwa chini, panya kinywani, anammeza polepole bila haraka yoyote. Phoebe alikuwa amekaa mbele ya kioo, amenishika mkono. Hatukuwasha redio mpaka alipomaliza. Jana nimempelekea Bwana Inderjit simu ya maandishi yenye neno moja: Amekula.

Basi, Mjomba, ndivyo ilivyo. Ukija Desemba utalala chumba kingine, na mlango wake unafungika vizuri.

Utusalimie Mama Lornah, Lornah mwenyewe na Peres. Phoebe anawakumbatia wote. Mungu auimarishe mguu wako na kuilinda nyumba yako.

Mimi mpwa wako akupendaye,
Joash