Gunia la Mlangoni

Jumatatu, 3 Machi 2025
Siri imetoka. Lori la Fuso lililobeba mpunga liliteleza karibu na kanisa, likambana Emelyne, mjukuu wangu, mguu topeni. Telesfori akaliinua. Peke yake, kwa bega, kama mtu anayeinua mlango uliotoka bawaba. Emelyne amechubuka tu. Vijana wakashangilia kama wanaangalia filamu: Steringi! Steringi!
Telesfori ana miaka kumi na tano. Mimi na mke wangu Libérate tunamlea huu mwaka wa pili. Nguvu zake tulizijua tangu alipong'oa kisiki cha mninga kwa mikono. Tulinyamaza.

Jumanne, 4 Machi
Telesfori hataki kula. Libérate kamuuliza ugali umemkosea nini. Hakucheka. Nyumba tatu zilimlea kabla yetu. Kila moja, nguvu zilipoonekana, ilifunga nguo zake kwenye gunia na kuziweka mlangoni.

Alhamisi, 6 Machi
Mjomba wa Telesfori, Benedikto, amepiga simu kutoka Kibaoni. Dada yake, mama wa mtoto, alipokufa alisema hana nafasi ya mtoto. Sasa nafasi ipo — ana shimo la dhahabu, na winchi ya kuvutia mawe imekufa. Anakuja keshokutwa. Nimemwambia aje na aibu yake pia.

Ijumaa, 7 Machi
Nimemkuta Telesfori nyuma ya nyumba, amevaa viatu. Anataka kuondoka kabla hajaondolewa.
"Babu, gunia langu si liko mlangoni siku zote?"
Langu! Gunia lile ni langu mimi, tangu tulipokimbia Burundi mwaka 72, nikiwa na umri wake. Sufuria, blanketi, mbegu za maharage ambazo Libérate huzibadilisha kila msimu. Uraia tumepata, nyumba ya tofali za kuchoma tumejenga, gunia halijatoka mlangoni. Wazee wengi tuliokimbilia hapa Katumba wanalo, tayari kwa kukimbia tena. Hatulizungumzii. Na mtoto amelipita mwaka wa pili sasa, akingoja zamu yake.
Nikamweleza. Akauliza: kwani Babu na wewe utafukuzwa?


Jumamosi, 8 Machi
Nimelimwaga gunia. Sufuria imeenda jikoni. Mbegu tunazipanda. Naandika nikiwa nimekaa pembeni ya tuta, napumzisha mgongo.
Benedikto yuko kwenye benchi na mwenyekiti wa kijiji. Anasema amefuata mtoto wa dada yake, hakuja kuangalia kilimo. Libérate kamjibu kwamba winchi zinauzwa Mpanda mjini, kama ana haraka. Mwenyekiti anaangalia viatu vyake.
Telesfori anachimba taratibu. Mpini mmoja wa jembe ameshauvunja. Kauliza maharage haya yatakomaa lini.
"Mwezi wa sita. Na wewe ndiye utakayevuna."
Nimesema kwa sauti, wasikie benchini.
Benedikto amesimama. Anakuja huku, anakanyaga tuta. Telesfori ameweka jembe chini. Hamtazami mjomba, ananitazama mimi. Mstari haujaisha, na mbegu bado ziko mkononi mwangu.
"Chimba," nimemwambia.